Mikono ya Kimulot

Jumapili hiyo Inspekta Kebaso alitoka kanisani kabla ya matangazo, kosa ambalo mkewe asingelisahau hadi Krismasi. Lakini kulikuwa na mtu ndani ya seli za kituo cha Kericho, na kesho yake saa tatu asubuhi mtu huyo angefikishwa kortini. Kebaso hakuona vipi angekaa pale kusikiliza ratiba ya kwaya.

Mtu mwenyewe aliitwa Ondieki. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa amesimama kwenye milango ya watu akiilinda. Jumamosi jioni picha moja ilipotea katika jumba la sanaa alilolinda, polisi wakaitwa, na kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja na mlinzi alikuwa mmoja, wakamchukua yeye. Shtaka likishasomwa, hata akija kushinda kesi, cheti chake cha maadili mema kingekuwa kimeharibika. Kampuni za ulinzi hazisomi hukumu. Husoma cheti.

Alipoletwa kwenye meza ya Kebaso alikuwa bado amevaa koti la sare, ila vifungo vilikuwa vimefungwa vibaya.

"Nilisema jana, afande. Watu waliingia, watu wakatoka. Hakuna mwizi alipita kwangu."

"Basi picha ilijitembeza?"

"Hiyo sijui. Mimi nachunga mlango, sichungi ukuta."

"Ondieki, hiyo picha ni mita moja kwa mita moja. Ni kubwa kuliko hii meza. Ingepitaje usiione?"

"Sikuona mtu na kitu kubwa kama meza."

"Na kitu kidogo?"

 Macho ya Ondieki, ambayo tangu mwanzo yalikuwa yanamtazama Kebaso usoni bila wasiwasi, yakashuka kwenye viatu vyake visivyo na kamba.

"Nimekuuliza. Uliona mtu na kitu kidogo?"

"Nipeleke tu kortini, afande."

Kebaso alikuwa amehoji watu kwa miaka ishirini na sita. Wasio na hatia hupiga kelele, na wenye hatia huwa na hadithi ndefu yenye majina ya shangazi. Mtu anayeomba apelekwe kortini alikuwa bado hajamwona. Aliandika sentensi hiyo kwenye daftari lake, akaipigia mstari, akachukua ufunguo wa gari.

Nyuma ya soko la Kericho kuna njia fupi inayoitwa Magodauni. Zamani palihifadhiwa mahindi na mbolea, na mpaka leo utamkuta mkulima amesimama mlangoni akiuliza kama mbolea ya kupandia imefika, halafu anachungulia ndani, anaona kiti kimening'inizwa darini, anaondoka akitikisa kichwa. Kwa miaka mitano sasa wasanii wamelipanga eneo hilo. Kuna jumba kubwa la Bi Amondi, kuna la Nyagaka lililokuwa kinu cha posho, na kuna chumba cha juu, kwa fundi wa nguo, ambako vijana huonyesha picha za kamera. Kebaso alikuwa amepita hapo mara elfu moja akielekea kununua nyama. Hakuwahi kuingia.

Amondi alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Kisumu, aliyekaa Kericho miaka kumi na miwili na kuzoea baridi yake kwa kuvaa sweta mbili. Uso ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi.

"Inspekta, asante kwa kuja. Jana walikuja wakachukua mtu, hata ukuta hawakuangalia."

"Tuanze na ukuta basi."

Maonyesho yaliitwa *Vidole Kumi*, na yote yalihusu watu wanaochuma chai kwa mkono, sasa ambapo mashine zimeingia mashambani na wachumaji wanapungua kila msimu. Kebaso alikuwa amejiandaa kuchoka. Badala yake alisimama mbele ya ukuta mmoja mweupe ambapo vikapu thelathini vya kuchumia chai vilitundikwa kwa kamba zake, kila kimoja na taa yake ndogo. Mama yake alibeba kikapu kama hicho mgongoni kwa miaka ishirini na tisa, akiishi kwenye nyumba za kambi ya chai huko nje ya mji, na hakuna aliyewahi kukiwashia taa.

"Asante," alisema.

"Ya nini?" Amondi akauliza.

"Endelea tu, Madam."

Mahali palipotoka picha palibaki ndoano mbili na kibandiko. Kebaso alikisoma kwa sauti. "Kumi na nne. Kipkurui. *Mikono, Kimulot*. Rangi ya mafuta juu ya turubai. Haiuzwi." Chini yake, sakafuni, katikati ya duara la mwanga wa taa, palikuwa na kibuyu cheusi chenye mfuniko wa ngozi.

"Ilikuwa na fremu?"

"Hapana. Kipkurui hapendi fremu. Ilikuwa imeshikwa na fimbo mbili za mwanzi, juu na chini."

"Kwa hivyo inakunjika."

"Inakunjika kama mkeka."

"Uliwaambia polisi hivyo jana?"

"Waliniuliza ukubwa. Nikawaambia ukubwa."

Kebaso alipumua kwa pua. Kituo kizima kilikuwa kimetafuta meza inayotoka mlangoni, kumbe kilichotoka kilikuwa mkeka chini ya kwapa. Kwa hilo tu, maneno ya Ondieki yalikuwa ya kweli kabisa. Lakini ukweli wa mtu anayepima maneno yake una mlango wa nyuma, na Kebaso alitaka kujua ulielekea wapi.

"Nani aliitaka hii picha?"

Amondi alisita, kisha akaelekeza kidevu ng'ambo ya njia. "Alhamisi, wakati wa ufunguzi, Nyagaka alibishana na Kipkurui hapa hapa. Alitaka kuinunua. Kipkurui alikataa. Nyagaka alitoka na hasira hata soda yake akaiacha."

Nyagaka alikuwa mtu mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alipoona kitambulisho cha polisi alisimama haraka mno, na alipoulizwa habari za picha alizungumza haraka zaidi. Nyuma yake, kwenye pembe ambako zamani kulikaa mashine ya kusaga, kulikuwa na kitu kirefu kilichokunjwa na kufungwa kwa karatasi ya kahawia.

"Hiyo ni nini?"

"Hiyo? Hiyo ni... ni turubai tu."

"Fungua."

"Afande, hiyo haihusiani na hii maneno."

"Kama haihusiani, itafunguka kwa urahisi."

Nyagaka alifungua akitokwa na jasho, siku ya baridi. Karatasi ilidondoka na mbele ya macho ya Kebaso akatokea simba. Alikuwa simba mkubwa, ameketi juu ya jiwe, jua likizama nyuma ya masikio yake. Chini ya simba huyo palikuwa na simba mwingine, na chini yake tembo.

"Ni ya hoteli," Nyagaka alisema kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na pombe ya magendo. "Wanataka simba. Kila mwezi simba. Na mimi nilisema kwa mkutano wetu, mbele ya watu wote, kwamba jumba langu haliwezi kuuza simba. Tafadhali, Inspekta. Usimwambie Amondi."

Kebaso hakucheka, ingawa ilimgharimu. "Simba si hatia. Sasa niambie. Kipkurui alikataa kukuuzia kwa nini?"

"Hata mimi nilishangaa. Nilimwambia ataje bei, yoyote. Akasema, 'Siwezi kuuza kitu kimewekwa kwangu.' Nikamwambia, wewe ndio umechora! Akarudia hayo hayo. Nikaona ananichezea."

"Kimewekwa kwangu. Alisema hivyo hasa?"

"Hivyo hasa."

Kebaso alimshukuru, akamsaidia kumkunja simba, akarudi ng'ambo.

Kipkurui alikuwa ameshafika. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu vyake vimejaa matone ya rangi, na alikuwa ameketi kwenye ngazi amejishika kichwa. Kebaso hakumuuliza kitu kwanza. Aliomba orodha ya maonyesho na penseli, akazunguka chumba kizima akipiga alama moja baada ya nyingine, kuanzia namba moja hadi ishirini na tatu. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa namba kumi na nne. Kisha akarudi kwenye zile ndoano mbili.

"Hiki kibuyu ni namba ngapi?"

"Hicho ni cha Kipkurui," Amondi akasema.

Kipkurui akainua kichwa. "Si changu, Madam. Mimi nilidhani ni yako. Nilidhani umeweka ya kujaza pengo."

Wakatazamana. Shingo ya Amondi ilianza kubadilika rangi polepole.

"Nilikikuta jana jioni, nilipoona picha haipo," alisema. "Nilidhani ni sehemu ya kazi yako. Kitu kinachozungumzia kutokuwepo. Hata nikakigeuzia taa."

"Na leo watu wamekiona?"

"Leo asubuhi wamekipiga picha. Kuna daktari mmoja ameandika kwenye kitabu cha wageni kwamba ndicho kazi bora kuliko zote."

Kebaso alivaa glavu, akachuchumaa na kukiinua. Kilikuwa kizito. Alikitikisa kidogo karibu na sikio, kikajibu. Kisha akavuta mfuniko, na chumba kile cheupe, chenye harufu ya rangi na sakafu iliyopigwa deki, kikajaa harufu ambayo kila aliyekulia Kericho anaijua kabla hajajua jina lake: maziwa yaliyolala, mkaa wa mti, moshi wa jikoni.

"Mursik," Kipkurui aliyataja maziwa hayo kwa sauti ndogo.

"Wewe ni Mkipsigis. Kibuyu cha maonyesho huwekwa maziwa?"

"Hapana. Hicho ni cha kupelekea mtu."

Kebaso alivua glavu moja, akamimina tone kwenye kiganja, akaonja.

"Inspekta, hicho si kielelezo?" Amondi akauliza.

"Ni kielelezo. Ninakichunguza." Akaonja tena, uchunguzi usije ukawa pungufu. Yalikuwa mazito, laini, yenye ukali wa pole pole, rangi yake ya kijivu imelingana. Alipokuwa mtoto pale kambini, mama yake akichelewa shambani, jirani yao Mkipsigis alimwita yeye na ndugu zake wanne akawamiminia kila mmoja kikombe. Hakuwahi kumlipa mama yule, na sasa alikuwa amekwishafariki. "Haya yamekaa kibuyuni wiki nzima," alisema. "Yametayarishwa na mtu anayejua kazi. Hebu nisaidieni. Kuna mwizi gani anayekaa siku saba akimtengenezea maziwa mtu anayekwenda kumwibia?"

Alikirudisha kibuyu sakafuni.

"Huyu hakuja kuiba. Alikuja kama mgeni. Kipkurui, ulimwambia Nyagaka huwezi kuuza kitu kilichowekwa kwako. Nani alikiweka?"

Kijana alijiinamia pale kwenye ngazi. Yalipotoka, maneno yalitoka pamoja.

"Miaka minne imepita. Nilikuwa Kimulot, kwa kituo cha kununua majani. Lori ilichelewa, mvua ikanyesha, tukajibanza hapo na wamama. Nilikuwa na karatasi, nikaanza kuchora. Kuna mama mmoja, mikono yake... sijawahi kuona mikono kama hiyo. Kidole cha mwisho cha kulia kimepinda. Nikamwomba nimchore. Akasema uso wake hapana. Mikono, sawa. Sasa nikimaliza akaniuliza, 'Unaenda nayo wapi, hii mikono yangu?' Nikamwambia..." Akakatiza.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ni kimanagan. Nakutunzia, siku ukitaka, uje uchukue."

Amondi aliwatazama wote wawili. "Kima-nini?"

Kebaso ndiye aliyemweleza, Mkisii akieleza desturi ya Wakipsigis kwa Mjaluo, na Kipkurui akiitikia kwa kichwa. Mtu mwenye ng'ombe humweka mmoja kwa rafiki wa mbali. Rafiki humlisha, humkamua, hunywa maziwa, hata miaka kumi. Lakini ng'ombe hawi wake. Mwenyewe akija siku yoyote, anafunguliwa ng'ombe wake bila maneno, na mwenyewe naye haji mikono mitupu, kwa sababu ametunziwa.

"Lakini ilikuwa mzaha!" Kipkurui akasema.

"Ulicheka wewe. Yeye alicheka?"

Kijana alikwangua tone la rangi kwenye kiatu. "Kidogo."

Kitabu cha wageni kilikuwa juu ya meza ndogo karibu na mlango. Kebaso alipitisha kidole kwenye majina ya Jumamosi alasiri: wanafunzi wawili wa Kericho mjini, mchungaji mmoja wa Litein, na chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu aliyebonyeza kalamu kwa nguvu, *Cheptoo, Kimulot*. Kwenye safu ya maoni palikuwa na neno moja tu. *Kongoi.* Asante.

"Ingia kwa gari," alimwambia Kipkurui. "Na ulete kibuyu."

Mvua ya saa tisa iliwakuta njiani, ile ya Kericho ambayo huja kwa saa kuliko magari ya serikali. Walipofika Kimulot ilikuwa imekatika na majani ya chai yalikuwa yanang'aa pande zote mpaka msituni. Kituo cha kununulia majani kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya Jumapili. Kwenye duka la jirani Kebaso alitaja jina moja tu, na mwenye duka, bila kuuliza sababu, akawaonyesha nyumba ya mabati ya bluu chini ya mteremko.

Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa na miaka arobaini hivi, amejifunga leso kiunoni, vidole vyake vya kuchumia vikiwa na weusi wa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni. Hakushtuka. Aliwatazama wote wawili, kisha akakitazama kibuyu.

"Chamgei," Kebaso alimsalimu kwa Kikipsigis.

"Chamgei mising. Mmenirudishia kibuyu? Kongoi. Ni ya mama, nilikuwa nataka kukuja kuiomba nikipata nafasi." Akamgeukia Kipkurui. "Wewe ndio ulimtunzia mikono?"

Kipkurui aliitikia kwa kichwa.

"Ingieni. Ako macho."

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Kando ya ukuta, kwenye kitanda kilichoinuliwa kwa mito, alilala mama mzee, uso wake umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umelala juu ya blanketi kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. Mbele yake, kwenye misumari miwili, ilining'inia picha.

Kebaso aliitazama kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mikono miwili tu, iliyonyooshwa, mvua nyuma yake, na katikati ya dole gumba na kidole cha shahada majani mawili na chipukizi. Kila mkunjo ulikuwapo, kila ufa, kile kidole kilichopinda. Mikono ile ilikuwa na haraka ndani yake hata ikiwa imetulia. Aliona aibu kidogo kwamba alikuwa ameiita picha, mita moja kwa mita moja, asubuhi nzima.

Cheptoo alieleza huku akiwawekea viti. Miezi miwili iliyopita mama alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa. Kule hospitalini Kapkatet walimfundisha mazoezi, wakampa mpira wa kukamua, naye akaukataa. Akasema mkono ule haukuwa wake. Wake uko Kericho, umewekwa kwa kijana fulani mchoraji, aendewe.

"Tulidhani ni ugonjwa unaongea," Cheptoo alisema. "Mpaka juzi jirani akanionyesha kwa simu. Maonyesho, Kericho. Nikaona kile kidole. Nikajua ni kweli. Maziwa ilikuwa tayari, nilikuwa nimetengenezea wageni wa kanisa. Nikasema hiyo iende huko kwanza."

"Na ulipofika, ulimwomba nani?"

"Nilingoja. Watu ni wengi, kila mtu anaangalia simu. Nikaulizia mwenye picha, msichana mmoja akaniambia yuko nje anakuja. Hakukuja. Gari yetu ya kurudi ilikuwa inaondoka. Sasa nikafungua nikakunja, nikaweka kibuyu mahali pake ndio mwenyewe ajue. Nilijua akiona atajua."

Kipkurui aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa ameona, na hakujua.

"Cheptoo," Kebaso akasema, "yule mlinzi wa mlangoni. Alikuona ukitoka?"

"Soja? Ndio. Mtu mzuri sana. Wakati naingia nilimsalimia, nikamuuliza kama amekula, akasema tangu asubuhi bado. Nilikuwa na chapati mbili za njia, nikampa. Wakati natoka akanifungulia mlango."

"Huyo mlinzi yuko ndani tangu jana. Amekamatwa kwa ajili ya picha hii. Kesho saa tatu anapelekwa kortini."

Cheptoo aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Na si angewaambia ni mimi?"

 Kebaso alitoka kibarazani na kupiga simu kituoni, akaomba mtu aliye kwenye zamu ampe Ondieki simu. Ilichukua muda, kisha akasikia pumzi yake.

"Uliona alichobeba yule mama."

"Niliona, afande." Sauti ilikuwa tulivu. "Lakini sikujua ni picha mpaka jioni, wakati Madam alianza kulia. Hapo ndio nikajua."

"Na ukakaa kimya? Ulikuwa unataka kufungwa?"

"Afande, nimesimama kwa huo mlango wiki mbili. Watu wamevaa vizuri, wananipita kama mimi ndio mlango wenyewe. Huyo mama aliniuliza kama nimekula. Nimekula chapati yake. Sasa nitakulaje chapati ya mtu saa nane, halafu saa kumi na mbili nitaje jina lake kwa polisi?"

Kebaso alitaka kumkemea. Alikuwa na maneno ya kumkemea nayo, ya kisheria kabisa, lakini aliyaacha. Alimwambia tu akae karibu na simu.

Kisha akampigia mkuu wa kituo, akamweleza yote. Mkuu alisikiliza, akaguna. Mwenye picha akiandika kwamba hana malalamiko, vizuri. Mwenye jumba akiondoa mashtaka, vizuri zaidi. Lakini msanii anaweza kuwa anamfichia mtu, na yeye hataki kuulizwa kesho na hakimu. Anataka taarifa ya yule mama mwenyewe kuhusu hayo makubaliano, imetiwa sahihi, leo hii. Amondi, alipopigiwa, alijibu akiwa tayari yupo kituoni na chupa ya chai na mkate. Alikuwa ameondoa mashtaka yake nusu saa iliyopita, na alikuwa anauliza ni nani anayeruhusiwa kumwomba mfungwa msamaha.

Ndani, Cheptoo alikuwa ameshamweleza mama. Mzee alizungumza polepole, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo, na binti yake akayatafsiri.

"Anasema rudisheni picha. Anasema mtu asilale ndani kwa sababu ya mikono yake."

"Hapana, mama," Kipkurui akasema. Alikuwa amepiga magoti karibu na kitanda bila kujua alipiga lini. "Ni yako. Uliweka kwangu, nikala maziwa yake miaka minne. Watu wamenijua kwa sababu ya mikono yako, na mimi nilisahau kama ni yako. Mimi ndio naomba msamaha." Akachukua fomu kutoka kwa Kebaso na kuandika kwamba picha imechukuliwa na mwenyewe.

Kebaso aliandika taarifa ya mama kwa mwandiko wake mkubwa wa polisi, mstari kwa mstari, akiisoma kwa sauti na Cheptoo akiigeuza kwa Kikipsigis. Jina, kijiji, siku ya mvua, maneno yaliyosemwa. Mama aliitikia kila mstari. Mwishoni Kebaso akafungua kikopo kidogo cha wino ambacho hukitembeza mfukoni, akaunyoosha mkono wake kuuelekea mkono wa kushoto wa mama.

Mama akauvuta nyuma.

"Ule wa kushoto unatosha, mama," Kebaso alisema. "Sheria inakubali."

Mzee alitikisa kichwa. Alisema neno moja, akalirudia.

"Anasema huu," Cheptoo alisema, akiuangalia mkono wa kulia kwenye blanketi. "Anataka huu."

Basi wakauinua pamoja, binti ameshika kiwiko, mchoraji ameshika kifundo. Ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana. Kebaso alifungua dole gumba taratibu, akalibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, chini kabisa, mahali pa sahihi. Alipoliondoa, alama ilikuwa imebaki nzima, mistari yake yote wazi, na ufa mmoja mrefu ukipita katikati.

Aliipiga picha karatasi hiyo kwa simu, akaituma. Wakangoja. Cheptoo alimimina mursik kwenye vikombe vinne bila kuuliza nani anataka, na Kebaso alikunywa chake mpaka chini. Simu ilipolia, mkuu wa kituo alisema maneno mawili tu na kukata.

"Ametoka," Kebaso akawaambia. "Mama, yule mtu ametoka. Kongoi. Kongoi mising."

Cheptoo alifuta macho kwa leso, akainuka, akalowesha kitambaa kwenye maji ya moto ili amwoshe mama dole. Mama hakuwa akiitazama picha tena. Alikuwa ameshusha macho kwenye blanketi, kwenye mkono wake mwenyewe, kwenye dole lile jeusi. Alisema kitu, kwa sauti ya chini, na Cheptoo akasimama na kitambaa mkononi.

"Anasemaje?" Kebaso akauliza.

"Anasema wino usioshwe kwanza."